Mnatua Unguja asubuhi: mlale au mtembee?

Swali la msomaji: "Assalaam alaykum kaka. Mimi ni mzaliwa wa Tabora, naishi Minneapolis. Mwezi wa Julai namrudisha baba nyumbani baada ya kukaa nami miezi sita. Tunapita Chicago na Doha, na tumeamua kushukia Unguja siku nne kabla ya kuendelea bara, kwa sababu mzee hajawahi kuiona. Ndege inatua saa mbili asubuhi, na hoteli yetu ya Shangani inatoa chumba saa nane mchana. Rafiki zangu wanasema tusilale kabisa, tuzunguke Mji Mkongwe kwa miguu mpaka usiku ili mwili uzoee. Baba ana miaka 67, ana presha, na miguu yake huvimba kwenye ndege. Je, tutembee? Tupite wapi, na kwa muda gani?"

Waalaykumu ssalaam dada yangu, na mzee mfikishie shikamoo.

Tembeeni, lakini si asubuhi ile. Mkishatua nendeni moja kwa moja hotelini, ogeni, mle kitu chepesi, mfunge mapazia na mlale mpaka saa sita mchana. Matembezi yaanze alasiri, baada ya adhana, na yakomee Forodhani jua linapozama. Hapo mzee atauona mji kwa macho mawili yaliyofumbuka.

Najua kwa kusema hivi najikatia riziki. Kutembeza wageni Mji Mkongwe ndiyo kazi yangu, na matembezi ya asubuhi ndiyo yanayouzika. Mgeni anashuka ndege, anatupa begi hotelini, saa tatu tuko naye njiani. Ikifika saa nne na nusu macho yameshamlegea, haulizi tena swali, na kila baraza tunalopita analitazama kama kitanda. Namwonyesha mlango uliochongwa kabla babu yake hajazaliwa, yeye ananiuliza choo kiko wapi. Jioni ukimuuliza ameona nini, atakwambia jua lilikuwa kali.

Rafiki zako hawakukosea kabisa. Ushauri wao unamfaa anayetoka London au Muscat. London wakati wa kiangazi iko nyuma yetu kwa saa mbili tu, na Muscat iko mbele kwa saa moja. Mtu wa huko akifika amechoshwa na kiti na viwanja vya ndege, lakini saa ya mwili wake haijahama. Ninyi mnatoka mahali ambapo Julai pako nyuma yetu kwa saa nane, tena mnakuja upande wa mashariki. Huo ndio upande mgumu, kwa sababu mwili unatakiwa ulale kabla haujawa tayari. Kuchelewa kulala kila mtu anaweza. Kulala mapema kwa amri hakuna anayeweza.

Hebu tupige hesabu. Mtakapotua saa mbili asubuhi, mwili wa mzee utakuwa unasema saa sita ya usiku. Kinachousogeza mwili kutoka saa moja kwenda nyingine, kuliko kitu kingine chochote, ni mwanga unaoingia machoni, na mwanga huo unaweza kusukuma mbele au nyuma kutegemea umekuja wakati gani. Kila usiku joto la mwili hushuka mpaka chini kabisa, saa mbili au tatu hivi kabla ya muda ambao mtu amezoea kuamka. Mwanga mkali ukimkuta mtu kabla ya hapo, mwili unadhani jioni bado haijaisha, na usingizi wa siku ya pili unazidi kuchelewa. Ukimkuta baada ya hapo, mwili unadhani kumekucha, na usingizi unawahi. Kwa mtu anayeamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi Minneapolis, kituo hicho cha chini kinaangukia saa kumi ya usiku. Saa kumi ya usiku ya huko ni saa sita mchana ya hapa.

Kwa hiyo jua la saa tatu au saa nne asubuhi, lile mnaloambiwa mzurure ndani yake ili mzoee, litamrudisha mzee Marekani. Jua la saa nane, saa tisa na kuendelea litamvuta huku kwetu. Halafu tazama inavyoangukia vizuri: saa kumi alasiri ya Unguja ni saa mbili asubuhi ya Minneapolis, saa ambayo kwa miezi sita mzee amezoea kuwa macho na kudai chai yake. Na ndiyo saa ambayo mji nao hutoka nje upya. Wanaume wametoka msikitini, watoto wamevua sare za skuli, wauza kahawa wanapuliza makaa, na kuta ndefu za nyumba zimeshaweka kivuli katika vichochoro vyote.

Usingizi wa asubuhi uwe na mwisho. Uwe wa muda wa saa mbili, au tatu zikizidi sana. Mkilala mpaka saa kumi mtaamka mmeshiba usingizi, na usiku mtakuwa mnahesabu boriti za dari. Tegeni kengele ya simu, tena simu iwekwe mbali na kitanda ili anayetaka kuizima lazima ainuke.

Suala la chumba cha saa nane mchana litatueni kabla hamjapanda ndege. Iandikie hoteli sasa hivi, uwaeleze kwamba una mzee wa miaka 67 anayetoka Marekani, na uulize kama chumba kinaweza kutolewa mapema au kama kuna kingine cha kupumzikia. Hoteli ndogo ndogo za Mji Mkongwe mara nyingi zinakubali bila malipo kama usiku uliotangulia chumba hakikuwa na mtu. Wakitaka pesa, hata nusu ya bei ya usiku mmoja, lipa. Kati ya fedha zote mtakazotumia Unguja, hizo ndizo zitakazomsaidia mzee zaidi, kuliko matembezi ya viungo, kuliko boti ya kisiwa cha Changuu, na kuliko mimi.

Kutoka uwanja wa ndege mpaka mjini si mbali, haifiki kilomita kumi, mnapita Kilimani na Mnazi Mmoja. Patana bei ya teksi kabla mizigo haijaingia kwenye buti. Vaeni miwani ya jua tangu mlangoni mwa uwanja. Watu watadhani mnaringa, waacheni wadhani. Teksi itawafikisha ukingoni tu ikiwa hoteli yenu iko ndani ndani, maana njia nyingi za Mji Mkongwe hazipitishi gari. Hapo atakuja hamali na mkokoteni wake wa mbao, atapanga masanduku yote kwa mara moja, na mtamfuata nyuma akipiga kelele za kuomba njia. Usimwache mzee akokote sanduku la magurudumu kwenye yale mawe. Magurudumu hayo yametengenezwa kwa sakafu ya uwanja wa ndege.

Sasa miguu. Mimi si daktari, na mwenye presha lazima amwone wake kabla ya safari, lakini kuna mambo ambayo kila anayepokea wageni wa safari ndefu analazimika kuyajua. Mtu akikaa kitini saa kumi na tatu, damu hujikusanya miguuni kwa sababu misuli ya shavu la mguu, ambayo ndiyo pampu ya kuirudisha juu, haifanyi kazi. Miguu yote miwili ikivimba sawasawa, bila maumivu, kwa kawaida hupungua yenyewe ndani ya siku moja au mbili, na kutembea polepole kunasaidia. Ndani ya ndege ainuke kila baada ya saa moja au mbili, achezeshe vifundo vya miguu, anywe maji. Soksi za kubana zipo, ila daktari aseme kama zinamfaa, na azivae zenye kipimo chake.

Kitu cha kuogopa ni uvimbe wa mguu mmoja, hasa ukiambatana na maumivu ya shavu la mguu, joto au wekundu; au kifua kuuma na pumzi kukatika ghafla. Hilo linaweza kuwa bonge la damu lililoganda kwenye mshipa. Hatari hiyo huongezeka katika safari za zaidi ya saa nne, na inaweza kujitokeza hata wiki kadhaa baada ya kushuka ndege. Hapo hakuna kusubiri kesho, wala kukanda kwa mafuta ya mkarafuu kama wazee wetu watakavyokushauri. Kukanda ndiko kubaya zaidi. Hospitali ya Mnazi Mmoja iko pale pale ukingoni mwa Mji Mkongwe.

Viatu viwe vya zamani, vilivyokwisha kuuzoea mguu, na vinavyoweza kulegezwa. Makubazi yenye mkanda wa nyuma ni mazuri kwa mguu uliovimba. Ndara ziacheni chumbani: njia zetu zina mawe yaliyong'arishwa na nyayo, vidaraja vya mitaro vilivyovunjika, na maji ya kufulia yanayomwagwa nje bila hodi.

Haya, tutoke. Iwe saa tisa na nusu au saa kumi hivi. Julai kwetu ni kipupwe, upepo wa kusi unavuma, kwa hiyo joto halitawasumbua sana. Jua litazama kama saa kumi na mbili na dakika ishirini, basi mna muda wa saa mbili na zaidi kidogo, kwa njia ambayo haifiki kilomita tatu. Kijana angeimaliza kwa nusu saa. Ninyi msiimalize kwa nusu saa.

Kwa kuwa mzee ni wa Tabora, ningeanzia nyumba ya Tippu Tip, hapo hapo Shangani, hatua chache kutoka hoteli ya Africa House. Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el-Murjebi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, ambaye misafara yake ilipita Tabora ikienda Ujiji na kuvuka mpaka Manyema, mashariki ya Kongo, alifia Zanzibar mwaka 1905. Nyumba haina makumbusho. Ndani wanaishi watu, nguo zimeanikwa, na mlango wa kuchonga umechakaa. Sijui mzee atasema nini akisimama mbele yake. Nimewahi kupeleka pale watu wa Unyamwezi ambao hawakusema kitu, na wengine walioanza kunihadithia mimi habari za misafara nisizozijua. Mwacheni akae kama anataka kukaa. Bibi akiwa ukumbini, salamu kwanza, picha baadaye, na kwa ruhusa.

Hapo mteremke kufuata pwani mpaka Forodhani. Mkiona maji yamekupwa, mnaweza kushuka mchangani; bahari yetu hupanda na kushuka kwa mita karibu nne wakati wa bamvua, siku za maji makubwa, kwa hiyo ufuo mnaoukanyaga saa kumi unaweza kuwa chini ya maji siku nyingine saa hiyo hiyo. Mbele yenu ni Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya Wareno kung'olewa mwishoni mwa karne ya 17. Ingieni, mna kivuli na mahali pa kukaa. Hicho ni kituo cha kwanza cha mzee, atake asitake. Dakika kumi, maji, miguu inyooshwe.

Ukitoka Ngome, jengo la jirani ni Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu. Sultani Barghash alilijenga 1883, na ndilo lililokuwa la kwanza mjini kuwaka umeme. Agosti 27, 1896 manowari za Waingereza zilipoupiga mji kwa vita ambavyo havikufika hata saa moja, kasri la pembeni lilisambaratika, lenyewe likasimama. Lakini Desemba 25, 2020 sehemu ya jengo iliporomoka mchana kweupe, ikaua. Litazameni kwa nje. Mwenyeji yeyote wa rika langu atakuonyesha kwa kidole sehemu iliyoanguka, na wengi watashusha sauti wakikuonyesha.

Endeleeni na barabara ya Mizingani, bahari mkono wa kushoto. Mtaufikia Mti Mkubwa, na chini yake manahodha wa boti za kwenda Changuu, ambao watawaita. Ukiwajibu kwa Kiswahili kwamba mmefika leo na mzee amechoka, watakusaidia kumtafutia kiti badala ya kukuuzia safari. Mbele kidogo ni ile zahanati ya zamani ya Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyeiwekea jiwe la msingi 1887, ilikamilika 1894. Roshani zake za mbao zilizonakshiwa ziko juu, kwa hiyo simameni ng'ambo ya barabara, si chini yake. Mkifika hapo mmefika mwisho wa kwenda. Darajani iko karibu, utasikia makelele yake, na utashawishika. Usiende. Soko lile siku ya kwanza litamkoroga mzee kichwa: samaki, makonda wa daladala, pikipiki, na msongamano wa bega kwa bega.

Badala yake kateni ndani kwa mtaa wa Hurumzi. Hapa wageni huogopa kupotea, na ramani ya simu hapa haina maana, kwa kuwa kuta ni ndefu na njia zinapinda. Msiogope. Mji Mkongwe umekaa kwenye rasi. Pande tatu ni bahari, na upande wa nne ni barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo zamani ilikuwa mkono wa bahari kabla ya kufukiwa. Tembea upande wowote bila kugeuka geuka, na haitachukua robo saa utatokea kwenye maji au kwenye magari. Kama mzee amechoka, muulizeni mtu aliyekaa barazani, si kijana anayewafuata.

Kijana anayewafuata ni papasi, dalali wa mtaani anayewinda wageni. Atajua mmetoka mbali kwa viatu vyenu, hata Kiswahili kiwe cha Tabora safi. Usimtukane, usimkimbie. "Ahsante ndugu yangu, tunakwenda wenyewe" inatosha mara nyingi. Asiposikia, mzee aseme yeye. Papasi wetu wana ukorofi wao, lakini mtu mwenye mvi akisema "mwanangu, tuache" wanaona haya. Hatari ya kweli vichochoroni ni Vespa. Mkisikia mlio au kengele ya baiskeli, egemeeni ukutani na msimame. Anayeendesha ameshapiga hesabu ya kuwapita. Mkirukaruka ndipo mtagongana.

Kituo cha pili ni Jaws Corner. Ni makutano ya njia yenye mabaraza pande zote, na kila alasiri wazee na vijana wamejaa, wengine na bao, wengine na dhumna, wote na siasa. Muuza kahawa anakaa na dele lake juu ya makaa na ndoo ya kusuuzia vikombe. Mzee apewe nafasi, na atapewa, na akishasema ametoka Tabora ataulizwa habari za asali na mvua. Hapa ndipo nina sharti moja. Kahawa yetu ni chungu na kali, na nusu ya nguvu yake huwa bado imo mwilini baada ya saa tano hivi. Kikombe kimoja kile kidogo, na kashata, basi. Cha pili atakilipa saa saba ya usiku akiwa macho. Kama hawezi kukaa kati ya wanywa kahawa bila kushika kikombe, muulize kama ipo chai ya tangawizi.

Jueni pia kwamba mkikaa pale mnaweza msiinuke mapema. Mzee wangu mwenyewe alikuwa akisema anakwenda kunywa kahawa moja, mama anapakua chakula cha usiku peke yake. Mkiona saa kumi na moja na nusu imefika, ageni.

Forodhani, jua likishuka, kaeni upande wa ukuta wa bahari mtazame makachu. Vijana wanarudi nyuma hatua kumi, kumi na mbili, wanakuja mbio, miguu mitupu inapiga sakafu, kisha mmoja anajirusha kichwa chini miguu juu, anajikunja hewani na kupasua maji. Kabla hajaibuka mwenzake ameshaondoka. Wengine huvaa kanzu au koti kuukuu makusudi, wapate kuchekesha. Siku hizi wanajua kamera ziko wapi na wanaruka kuzielekea, na wakishatoka watakujia wakiwa wanachuruzika maji kuomba chochote. Mpe kidogo ukipenda. Mimi huwapa.

Bustani hii ilitengenezwa upya 2009, na usiku meza za chakula hupangwa kila upande: pweza, ngisi, kamba, mishkaki, taa zikiwaka juu yake. Yanapendeza machoni, ila tumbo lililotoka kwenye chakula cha ndege saa ishirini na zaidi halitaki kujaribiwa. Mishkaki ya samaki iliyokaa mezani tangu magharibi na kupashwa moto mara ya pili, iacheni. Chagueni kinachopikwa mbele yenu kutoka kibichi, na muulize bei ya kila kitu kabla hakijawekwa kwenye sahani. Wapishi wengine wana mkono mwepesi wa kuongeza ambacho hukuagiza. Mimi siku ya kwanza ningempa mzee urojo: ule mchuzi wa njano wenye ukali wa embe bichi na ndimu, ndani mna viazi, bhajia na kachori, juu chatne ya nazi na muhogo wa kukaanga uliokatwa mwembamba. Ni moto, una maji na ni laini. Mwambie muuzaji asitie pilipili nyingi, na kwa sababu ya presha chumvi isiongezwe. Maji ya miwa yenye tangawizi ni matamu, lakini hakikisha barafu haikutiwa.

Rudini hotelini saa mbili usiku. Laleni saa tatu na nusu au saa nne, taa zote zizimwe. Mtaamka usiku wa manane, nawaambia mapema msije mkadhani kuna kilichoharibika. Bakini kitandani gizani, simu isiwashwe. Adhana ya alfajiri itawakuta, wa kusali asali, kisha arudi kujifunika.

Siku ya pili tokeni mapema kuliko ya kwanza kwa saa moja na nusu hivi, ya tatu vivyo hivyo. Asubuhi ya siku ya nne mzee ataweza kuingia Darajani na akaifurahia. Kanisa la Mkunazini, lililoanza kujengwa 1873 palipokuwa soko la watumwa, liwekeni siku ya tatu, na lisiunganishwe na kitu kingine. Vyumba vya chini vina dari ambalo lazima uiname, na pale nje kuna sanamu za watu waliofungwa minyororo ndani ya shimo. Mtu wa Tabora anajua njia ile ya misafara ilianzia wapi. Hapa ataona ilikoishia. Hilo halifai kwa kichwa kinachosinzia.

Dada, wewe nawe jifunike mabega na magoti, joho si lazima, na kanga begani inatosha.

La mwisho ni dawa za presha. Zikae kwenye mkoba wa mkononi, katika pakiti zake zenye maandishi ya duka la dawa, pamoja na akiba ya wiki moja zaidi. Kama anameza kidonge saa moja asubuhi ya Minneapolis, saa hiyo Unguja ni saa tisa mchana. Muulizeni daktari wake kabla hamjaondoka kama aendelee kumeza saa tisa kwa siku hizi nne au ahamishe pole pole, na jibu mliandike kwenye karatasi. Msije kuamua wenyewe ndani ya ndege, wala kumeza viwili kwa sababu tarehe imebadilika.